Vigingi vya Kanam na Deni Letu kwa Majirani

Hotuba iliyotolewa mjini Kisumu kwa watu waliojitolea kueleza utafiti wa asili ya binadamu mashuleni, makanisani na vijijini. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Walimu wenzangu, wazee wetu, kina mama, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma, hamjambo? Mliotoka Mbita na Homa Bay alfajiri, karibuni sana. Mliotoka Nakuru, poleni na safari. Asanteni kwa kuitikia mwito ambao hauna mshahara.

Niwaulize. Nani hapa amewahi kufika Kendu Bay? Naona karibu kila mkono uko juu. Nani amekula samaki wa Rasi ya Homa? Mikono ile ile. Na nani anaweza kusimama sasa hivi atueleze kilichochimbuliwa Nyayanga?

Mikono mitatu. Ndugu zangu, kwa ajili ya hiyo mikono mitatu ndiyo tumekutana leo.

Nyayanga ni ufuo wa ziwa katika Rasi ya Homa, hapo ng'ambo ya ghuba. Kuanzia mwaka 2015, watafiti wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na wenzao wa kutoka nje walichimba mahali hapo. Wakatoa zana za mawe 330, mifupa ya wanyama 1,776, na magego mawili ya kiumbe anayeitwa Paranthropus, jamaa wa mbali katika ukoo wetu mpana. Umri wa vitu hivyo ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Ripoti ilichapishwa mwaka 2023 na kusomwa dunia nzima, kwa sababu zana hizo ni miongoni mwa zana za kale zaidi za aina yake kupatikana popote.

Kuna ubavu wa kiboko wenye alama ya kukatwa kwa jiwe. Kuna mfupa wa mguu wa kiboko mwingine wenye mikato minne mifupi, imefuatana sambamba. Fikirini hapo kidogo. Kiumbe fulani aliinama juu ya mzoga wa kiboko, kando ya maji haya haya tunayoyajua, akiwa na kipande cha jiwe chenye makali mkononi, akakata nyama. Moto wa kupikia haukuwepo. Nyama hiyo ililiwa mbichi, na huenda ilipondwa kwanza kwa jiwe ili itafunike.

Kisha mwaka 2025 ikaja ripoti nyingine. Mawe ya hapo Nyayanga mengi ni laini, hayashiki makali. Kwa hiyo waliotengeneza zana walitumia mawe yaliyotoka mbali, mengine hadi kilomita 13. Huo ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na jiwe mkononi. Mnaona maana yake? Anayebeba jiwe kilomita 13 anajua anakolipeleka na anajua kazi inayomngoja huko.

Habari hii ilisomwa London na Washington. Je, ilisomwa Kendu Bay? Je, mtoto wa gredi ya sita pale Karachuonyo anaijua? Je, mama anayeanika omena ufuoni ameisikia kwa lugha yake?

Sasa sikilizeni jambo ambalo nataka mwondoke nalo kuliko yote. Watafiti waliijuaje Nyayanga? Hawakuionyeshwa na setilaiti. Walikuwa wakichimba kwingine katika rasi hiyo, Kanjera Kusini, ambako kuna zana za miaka kama milioni 2. Mwenyeji mmoja aliyekuwa akifanya kazi nao ndiye aliyewaambia kwamba kuna mahali pengine, si mbali, ambapo mifupa na mawe ya namna hii yanafichuliwa na mmomonyoko. Akawaelekeza. Wakaenda, wakaona.

Yule mwenyeji alijua anachokiangalia kwa sababu mtu alikuwa amemweleza. Alisema kwa sababu alijua kuna anayesikiliza. Hiyo ndiyo kazi yetu sisi tunaojitolea: kueleza, na kusikiliza. Kueleza, na kusikiliza.

Turudi nyuma kidogo, kwenye rasi hiyo hiyo, miaka ya 1930.

Mwaka 1932, Louis Leakey, mtafiti wa asili ya binadamu, alikuwa Kanam na Kanjera na watu wake. Mmoja wao, Juma Gitau, akapata kipande cha taya huko Kanam. Leakey akatangaza kwamba taya hilo ni la binadamu wa kale kuliko wote waliojulikana wakati ule. Wataalamu wa Uingereza wakawa na mashaka. Mwaka 1935 akaja profesa wa jiolojia, Percy Boswell, ajionee mwenyewe mahali taya lilipotoka.

Leakey alikuwa ameweka alama. Alikuwa amechomeka vigingi vya chuma ardhini, mahali hasa. Alipofika na mgeni wake, vigingi havikuwepo. Wenyeji walikuwa wameving'oa kwa matumizi yao. Leakey akatembea kwenye yale makorongo, asiweze kuonyesha mahali penyewe kwa uhakika. Boswell akarudi kwao na kuandika katika jarida kubwa la sayansi kwamba ushahidi haupo. Jina la Leakey likachafuka kwa miaka, na wataalamu wa baadaye hawakukubali kwamba taya lile lilikuwa la kale kiasi alichodai.

Hadithi hii husimuliwa kama masaibu ya mtafiti aliyepoteza alama zake. Mimi nawaomba mwisimulie kutoka upande wa pili. Mvuvi anapita korongoni anakopita kila siku. Anakuta chuma kizuri kimechomekwa ardhini. Hakuna aliyemwita barazani akamweleza. Hakuna aliyemwambia, "Mzee, chuma hiki kinalinda habari ya watu wa kale, tusaidie kukitunza." Chuma wakati ule kilikuwa mali. Je, alikosea nini?

Hakukosea. Aliyeweka alama bila kueleza ndiye aliyeacha pengo. Na pengo hilo, ndugu zangu, halijazibwa hadi leo. Leo anayechota mchanga wa kuuza mjini hajui kwamba ukingo anaouchimba unaweza kuwa na mifupa ya miaka milioni mbili. Anayechimba murram hajaambiwa. Anayevunja mawe ya kokoto hajaambiwa. Mnakumbuka kwamba visukuku, yaani mifupa iliyogeuka jiwe, vya Koru, hapa hapa kaunti ya Kisumu, vilionekana kwenye machimbo ya chokaa? Miaka ya 1920, watu wakichimba chokaa, mifupa ikatokeza, na hatimaye mwaka 1933 dunia ikatangaziwa jina jipya la sokwe wa kale, Proconsul. Kama wachimbaji wa chokaa wangefunga midomo na kuisaga ile mifupa, tungejua nini?

Rasi moja, hadithi mbili. Katika moja hakuna aliyeeleza, na ushahidi ukapotea. Katika nyingine mwenyeji alielezwa, akasema, na dunia ikapata Nyayanga. Sijui njia nzuri zaidi ya kuwaonyesha kwamba kujitolea kwenu si pambo la sayansi.

Najua kuna wanaonong'ona: haya ni mambo ya Wazungu. Jamani, ni nani aliyeyaokota haya mafupa kwa mikono yake? Heselon Mukiri alifanya kazi na Leakey kwa miongo mingi, Rusinga akaijua jiwe kwa jiwe, na leo mmoja wa masokwe wa kale wa kisiwa hicho anabeba jina lake katika vitabu vya dunia nzima: Ekembo heseloni. Kamoya Kimeu hakusoma chuo kikuu. Mwaka 1984, siku ambayo wenzake walikuwa wamepumzika kambini, alitoka kutembea karibu na mto Nariokotome, Turkana, akaona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto zenye rangi ile ile. Watu wengine wangepita mara mia. Kipande hicho kiliwafikisha kwenye mifupa ya kijana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita, mmoja wa mifupa kamili zaidi ya binadamu wa kale kuwahi kupatikana. Jicho lile lilikuwa la Mkenya. Mtajeni Kimeu kila mnaposimama mbele ya watoto. Mtajeni Mukiri. Mtajeni Juma Gitau. Msikubali hadithi hii isimuliwe kana kwamba mikono yetu haikuwepo.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo gumu, kwa sababu mtakutana nalo wiki ya kwanza tu.

Katika ukumbi wa kanisa moja upande wa Nyando, nilikuwa nimeleta nakala ya fuvu na mashoka ya mawe, nikaanza kueleza. Mzee mmoja akasimama, akiegemea bakora. Akasema, "Mwalimu, babangu aliitwa nyani na Mzungu aliyemwandika kazi shambani. Leo wewe, mtoto wetu, unatuletea maneno yale yale?"

Ukumbi ukanyamaza. Mngemjibu nini?

Wengine wangemkatiza wakamwambia kwamba hajaelewa. Msithubutu. Mzee yule alielewa vizuri sana. Kulikuwa na watu, tena wasomi, waliotumia habari za asili ya binadamu kupanga jamii kama ngazi, wakajiweka juu na kutuweka sisi chini, karibu na wanyama. Alikuwa akizungumza kuhusu jeraha la kweli, na jeraha la kweli haliponyeshwi kwa mchoro wa mafuvu.

Nilimwambia, "Mzee wangu, waliosema hivyo walisema uongo, na hizi kazi za utafiti ndizo zimewaumbua." Kisha nikamweleza. Mabaki ya kale zaidi ya watu kama sisi yaliyopatikana hadi sasa yako Afrika. Huko Jebel Irhoud, Moroko, yana miaka kama 300,000. Huko Omo, Ethiopia, yana zaidi ya 190,000. Watu walioko Ulaya, Asia na Marekani, asili yao kubwa ni kundi la Waafrika waliotoka bara hili miaka kama 60,000 iliyopita. Ukichukua watu wawili wowote duniani, mvuvi wa Dunga na mkulima wa Norway, urithi wao wa damu unafanana kwa karibu asilimia 99.9. Hakuna aliye karibu zaidi na sokwe. Hakuna aliye mbali zaidi. Yule Mzungu aliyemtukana babake mzee, nyanya zake wa kale walitembea kwenye ardhi hii hii.

Mzee akauliza, "Basi, sisi na sokwe?" Nikamjibu kwa lugha ya ukoo, maana hiyo ndiyo lugha tunayoijua sote. Wewe na binamu yako mna bibi mmoja, lakini hukuzaliwa na binamu yako. Sokwe wa leo si babu yetu. Sisi na yeye tuna mababu wa pamoja, walioishi miaka milioni sita, saba iliyopita au zaidi, na kila mmoja akaenda njia yake.

Hakunipigia makofi. Aliniomba ashike fuvu. Akaligeuza, akatia kidole kwenye matundu ya macho, akauliza lilipatikana wapi na nani alilipata. Aliposikia ni Mkenya aliyelipata, akaketi nalo mapajani hadi mwisho wa kikao. Sikwenda pale kumshinda mtu kwa hoja, na ninyi msiende kumshinda mtu.

Vivyo hivyo mtakapoulizwa kuhusu Mungu, na mtaulizwa. Wengi wetu hapa ni watu wa imani, mimi mwenyewe ni mzee wa kanisa. Msibishane na mchungaji mbele ya waumini wake. Elezeni kilichopatikana, mahali kilipopatikana, na jinsi umri wake ulivyopimwa. Mtu akitaka kwenda kuomba na kutafakari juu ya alichokiona, mwacheni aende kwa amani.

Na kuhusu umri. Watoto ni wakali hapa kuliko wazee. Mtoto wa kike wa gredi ya sita aliniuliza, "Mwalimu, nani alikuwepo akahesabu hiyo miaka?" Hilo ni swali la mwanasayansi, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Msilijibu kwa kusema eti wataalamu wamesema. Mpelekeni kwenye jivu.

Rusinga inatusaidia hapa. Zamani, miaka milioni 18 hivi iliyopita, volkeno ya Kisingiri ilikuwa hai. Ikalipuka mara nyingi, jivu likaanguka, likafunika msitu pamoja na wanyama wake. Huko Rusinga wamepata hata alama za visiki vya miti vikiwa vimesimama vilipokuwa, na katika msitu huo aliishi Ekembo, sokwe asiye na mkia. Mary Leakey, mke wa Louis, alipata fuvu la mmoja wao mwaka 1948. Sasa, mawe ya volkeno yana potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole, kwa kasi inayojulikana, ikawa gesi ya argoni. Mwamba ukiwa bado umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukishaganda, gesi hunaswa ndani na kuendelea kujikusanya. Mtaalamu anapima iliyonaswa, anajua mwamba uliganda lini. Kisukuku kilicho katikati ya tabaka mbili za jivu umri wake uko katikati ya umri wa tabaka hizo. Basi. Mtoto wa gredi ya sita anaelewa hilo. Yule binti alielewa, kisha akauliza kama jivu la Longonot linaweza kupimwa pia.

Na pale watafiti wenyewe waliposimama, nanyi simameni hapo. Magego ya Nyayanga ni ya Paranthropus, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba Paranthropus ndiye aliyechonga zile zana. Huenda ni yeye, huenda ni jamaa mwingine aliyekuwa akiishi hapo. Msiongeze chumvi ili hadithi inoge. Inanoga hivyo hivyo.

Ninyi wa Nakuru, neno moja. Wageni wenu huchanganya mambo, na mara nyingine hata waongozaji wageni huwachanganyia. Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alianza kuchimba mwaka 1937, ni makao ya wafugaji na wakulima wa miaka elfu chache hadi karne chache zilizopita, na yale mashimo ya bao kwenye mwamba watoto watayapenda, waacheni wacheze. Kariandusi, karibu na Gilgil, ni kitu kingine kabisa. Yale mashoka ya mkono, mengine ya kioo cha volkeno cheusi, yana umri wa kukaribia miaka milioni moja, na yamelazwa pale pale yalipochimbuliwa. Mtu akitoka Hyrax Hill akidhani ameona watu wa miaka milioni moja, tumemdanganya.

Sasa mambo ya kazi yenyewe.

Msiokote. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe au zana ya kale, usiuguse, usiuweke mfukoni, usiupeleke shuleni kuonyesha. Mahali ulipo ndipo habari yake ilipo, na Kanam imetufundisha hivyo. Piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, mwambie chifu, wajulishe Makavazi. Sheria ya mwaka 2006 ya makavazi na turathi inataka aliyepata kitu cha namna hiyo atoe taarifa ndani ya siku saba. Waelezeni hivyo wachota mchanga, kwa upole, na muwaambie pia kwamba hamkwenda kuwafungia machimbo yao.

Zungumzeni lugha ya mahali. Ukiwa Suba, mwenye Kisuba atangulie. Ukiwa Nyando, Dholuo. Ukiwa Koru au Songhor, mtu wa Kinandi au Kipsigis awepo. Kiswahili kitatuunganisha, lakini bibi wa miaka themanini ana haki ya kuuliza kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo.

Na hili nalisema mbele ya vijana bila kuficha. Kujitolea kusigeuzwe kuwa njia ya kuwafanyisha watu kazi ya bure. Nauli italipwa. Chakula cha mchana kitakuwepo. Utapata barua ya kuthibitisha ulichofanya. Ukipata ajira kesho, nenda na baraka zetu. Na taasisi yoyote itakayokuja kutumia jasho lenu kwenye ripoti zake, idaiwe kuandika majina yenu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtafiti anayekuja kwetu tunampokea kwa mikono miwili, na sisi tuna haki ya kuuliza tutapona vipi.

Tutaanza Jumamosi ijayo. Kundi la Homa Bay litakwenda shule tatu za karibu na Kanjera, na jioni kuna baraza la wavuvi na wachota mchanga pale ufuoni, chifu amekubali kuliitisha. Kundi la Kisumu litakuwa kwenye jumba la makavazi hapa mjini kuanzia saa tatu asubuhi, maana shule zinazokuja kutazama nyoka na mamba zinaweza kupewa nusu saa ya mafuvu kabla hawajapanda basi. Kundi la Nakuru litakutana Kariandusi, mbele ya lango. Walimu wanaobeba nakala za mafuvu wazichukue leo na kuweka sahihi. Wenye Kisuba tunao wawili tu, na Rusinga ni kubwa. Kama unamjua mtu wa Mbita mwenye sauti na subira, niletee namba yake kabla hatujala.